Kabla hujasema usonji umemzidi, mwangalie meno

Kila ikikaribia tarehe 2 Aprili, siku ambayo dunia huikumbuka kwa ajili ya watu wenye usonji, mazungumzo huzidi redioni na mitandaoni, na simu za wazazi wa Unguja na Pemba hujaa sauti za WhatsApp zisizojulikana zilikotoka. Zinazohusu meno ndizo zinazochanganya zaidi. Huyu anasema dawa ya meno yenye floridi ndiyo inayoleta usonji. Yule anasema watoto hawa wameumbwa na meno mabovu, basi usijisumbue. Mwingine anashikilia kuwa mtoto anayesaga meno usiku ana minyoo. Na mama mwenye mtoto wa miaka mitatu anayekimbilia uvunguni akiuona mswaki hajui ashike lipi.

Tuanzie mbali kidogo.

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Dalili zake mara nyingi huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3, na mtu huishi nao maisha yake yote. Unagusa mawasiliano na kuchanganyika na watu, unamfanya mtoto ashikilie mambo yaleyale kwa utaratibu uleule, na mara nyingi unafanya milango ya fahamu ipokee vitu kwa ukali usio wa kawaida, au kwa ulegevu usio wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya, wala hauletwi na chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyozusha habari ya chanjo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililoichapisha. Wapo watoto wenye usonji wanaozungumza kama cherehani, na wapo wasiotamka hata neno moja. Hao wa mwisho ndio hasa walionifanya niandike.

Jino linaozaje

Mdudu wa jino hayupo. Wale "wadudu" wanaotolewa kwa moshi wa mbegu na kuonyeshwa kwenye kitambaa hawakutoka mdomoni mwa mtoto. Waliopo ni bakteria, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, nao wamo mdomoni mwa kila mmoja wetu. Makazi yao ni ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Wanakula sukari tunayokula sisi na wanatoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha madini ya tabaka gumu la nje la jino. Mate nayo hayakai bure: yanaizimua asidi na kurudisha madini, ilimradi yapate nafasi ya nusu saa hadi saa moja bila kitu kitamu kuingia tena.

Zitazame nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Mvua kubwa ya masika inapiga ukuta wa chokaa, jua linatoka, ukuta unakauka, na nyumba inasimama miaka na miaka. Lakini acha mfereji mmoja wa paani uvuje tone moja moja mchana na usiku, na baada ya muda chokaa inamomonyoka na mawe yanabaki wazi. Jino ni hivyo hivyo. Mtoto aliyekula kipande cha halua baada ya chakula cha mchana na yakaisha hajaumia kama anayemumunya biskuti moja kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Idadi ya mara ambazo sukari inaingia mdomoni ina uzito kuliko wingi wake.

Na tusidanganyane kwa neno "asili". Asali, tende na juisi ya miwa vina sukari ambayo bakteria hawaibagui. Tende ina la ziada: inanata.

Sasa usonji unaingia wapi? Wenyewe hautoboi jino. Tafiti za nchi mbalimbali hata hazikubaliani kama watoto hawa wana meno yaliyooza kuliko wenzao. Baadhi zimekuta zaidi, nyingine sawa, nyingine pungufu. Kinachojirudia ni ukoga mwingi na fizi zinazovimba na kutoka damu, yaani alama za mdomo usiosafishika vizuri. Kwa hiyo anayesema wameumbwa na meno mabovu amekosea, na kosa lake si dogo, kwa sababu linamfanya mzazi akate tamaa kwenye jambo linalozuilika.

Mlango wa kwanza ni chakula. Watoto wengi wenye usonji hukubali vyakula vichache tu, tena vya umbo na ulaini uleule: boflo laini, biskuti za aina moja, uji wa sukari, chai ya maziwa kwenye chupa ya chuchu mpaka miaka minne. Wapo wanaoweka tonge shavuni na kulisahau huko. Wapo wanaokunywa dawa za maji zenye sukari kila siku, na hapo inafaa kumuuliza mfamasia kama ipo isiyo na sukari. Halafu kuna pipi ya zawadi. Akikaa kitini, pipi. Akitazama kitabu, pipi. Nyumbani hivyo, skuli hivyo, kwa bibi hivyo. Naelewa kwa nini: inafanya kazi haraka. Lakini huo ndio mfereji unaovuja. Mtoto anayependa kuzungusha gurudumu la kigari, kuchezea maji ya ndoo au kurushwa juu ana zawadi yake tayari, na haioshwi kwa mswaki.

Usimpokonye ghafla chakula anachokikubali, utamwacha na njaa. Kusanya vitamu kwenye nyakati za mlo, na baina ya milo mpe maji. Chuchu ya chai isiingie kitandani kabisa, maana mtoto akilala mate hupungua na asidi hubaki peke yake usiku kucha.

Mswaki na ngozi ya mdomo

Mlango wa pili ndio unaotoa watu machozi. Kwa mtoto ambaye ngozi yake inasikia mno, nyuzi za mswaki zinamkwangua. Dawa ya meno yenye minti, ambayo sisi tunaiita baridi, yeye inamuunguza. Povu linamjaa na linamziba. Taa ya bafuni inamchoma macho. Juu ya hayo, mtu mzima anakuja kutoka nyuma bila taarifa na kumshika taya. Angekuwa mtu mzima angekuuma vidole pia.

Nguvu haisaidii. Ukimbana leo watu watatu mkamsugua, kesho mtahitaji watu wanne. Kinachosaidia ni kumjulisha mwili wake kidogo kidogo. Chukua mtoto wa miaka minne pale Wete ambaye hataki mswaki hata kuuona. Wiki ya kwanza mama yake hamsugui chochote. Baada ya sala ya isha anatandika mkeka palepale kila siku, mtoto analala chali kichwa kikiwa mapajani mwa mama, na mama anamgusa shavu kwa kiganja, kwa kukandamiza kidogo, maana mguso mwepesi unatekenya na kuudhi kuliko mguso mzito. Anahesabu mpaka tano, anaacha. Mtoto akishazoea kwamba tano ikifika inaisha kweli, kidole cha mama kilichofungwa kitambaa safi chenye maji kinaingia na kupita juu ya fizi. Baadaye mswaki mkavu wenye kichwa kidogo na nyuzi laini. Dawa ya meno inakuja mwisho. Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua zaidi, na si kitu.

Ule mkao wa kichwa mapajani una faida ya pili: unaona ndani. Akiwa amesimama mbele ya kioo, wewe unasugua gizani.

Watoto wanaofahamu zaidi kwa macho hupenda picha. Si lazima ziwe za duka. Picha nne zilizopigwa kwa simu ya baba, za mkeka wetu, mswaki wetu, mdomo wake mwenyewe uliofunguliwa, kisha mchezo anaoupenda, zikabandikwa ukutani kwa mpangilio huo, zinamwambia kitakachokuja na, muhimu zaidi, kitakapoisha.

Kama siku imekuwa ngumu na nafasi ni ya kusugua mara moja tu, iwe usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo asile kitu. Mara mbili kwa siku ndiyo shabaha, lakini mara moja iliyofanyika ni bora kuliko mbili zilizoishia kwenye vita.

Na mswaki wa mti? Ni sunna, na wazee wetu wameutumia vizuri. Kwa mtoto mdogo nyuzi zake ni ngumu na ni vigumu kuzifikisha nyuma ya magego, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Lakini mtoto anayemuona baba yake akipiga mswaki kila kabla ya sala na kutaka wake naye, mpe, chini ya jicho lako. Amekubali mwenyewe kutia kitu mdomoni, na hiyo ni hatua ambayo wazazi wengine wanaililia. Mkaa na chumvi viache, vinakwangua.

Floridi

Floridi ni madini yanayolisaidia jino kujijenga upya pale asidi ilipolilainisha. Haileti usonji. Madhara yake yanayojulikana yapo, na hayafanani kabisa na usonji: mtoto akimeza nyingi kwa miaka wakati meno yake yanajengeka chini ya fizi, meno hutoka na madoadoa, kama yale ya rangi ya kahawia yanayoonekana kwa watu wa maeneo ya Arusha ambako maji ya ardhini yana floridi nyingi. Ndiyo maana mtoto hupewa kwa kipimo. Chini ya miaka 3, paka dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, punje ya mbaazi. Nyuma ya tyubu tafuta tarakimu iliyo karibu na herufi ppm; iwe 1000 au zaidi. Asiyejua kutema asisukutue kwa nguvu, mfute kwa kitambaa. Kiasi hicho kidogo hata akikimeza hakina neno. Kinachohitaji kufichwa ni tyubu lenyewe, hasa kwa watoto wanaopenda kulifyonza. Na kama minti ndiyo adui, zipo zenye ladha nyepesi. Mradi floridi imo.

Maumivu yasiyosemwa

Mtoto anayezungumza akiumwa jino atashika shavu na kusema. Asiyezungumza anaumwa vilevile, ila maumivu yake yanatokea kwingine. Anajipiga shavu au sikio. Anauma mkono wake. Anatafuna kola ya shati mpaka inalowa. Anaamka usiku wa manane. Boflo aliyokuwa akiigombania anaisukuma, anatafuna upande mmoja, anakataa malai na maji ya barafu. Nyumbani watasema usonji umempanda. Skuli watasema amekuwa mkorofi. Jirani atashauri asomewe, pengine kuna jini. Hata hospitali mtego ni uleule: ukishajulikana kuwa mtoto ana usonji, kila jambo lake linapachikwa hapo, na hakuna anayefungua mdomo.

Siwakatazi watu kisomo wala kombe. Ni imani na ni faraja ya nyumba. Ila kisomo hakizuii tochi ya simu. Tabia ikibadilika ghafla, mlaze mkao uleule wa kichwa mapajani, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, umulike. Mstari mweupe uliopauka kama chokaa pale jino linapokutana na ufizi ni mwanzo wa kuoza, na hapo bado linaweza kurudi kwa floridi na kupunguza vitamu. Kahawia au nyeusi yenye shimo, limeshatoboka. Kipele kidogo cha usaha juu ya ufizi kina maana kwamba uambukizo umeshafika kwenye mzizi. Ukimaliza mdomo, mulika na masikio, maana sikio nalo huumiza vivyo hivyo.

Kusaga meno si dalili ya minyoo. Pemba tumezoea kampeni za dawa za minyoo, na ni kampeni nzuri, lakini watoto wengi duniani husaga meno usingizini wakiwa hawana mnyoo hata mmoja, na kwa wenye usonji jambo hili ni la kawaida zaidi. Ikiwa meno yanalika au taya linamuuma, mwonyeshe daktari wa meno. Na ikiwa mtoto ana kifafa pia na anatumia fenitoini, fizi zinaweza kuvimba na kupanda juu ya meno. Usiikate dawa; mwambie aliyeiandika, na usafi uzidi.

Kisha karafuu. Kisiwani kwetu nani hajawahi kutiwa karafuu kwenye jino? Inatuliza kweli, kwa sababu mafuta yake yana ganzi ya asili. Lakini kwa mtoto mdogo mafuta ya karafuu ni hatari: yanaunguza fizi, na akiyameza, hata kiasi kidogo kinaweza kumdhuru ini. Tena kwa mtoto asiyesema, kutuliza bila kutibu kunaifuta ile alama pekee aliyokuwa nayo. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake inatosha kumvusha usiku mmoja mpaka kliniki ifunguliwe. Vidonge vya rangi mbili vya kununua dukani, yaani antibiotiki, havizibi tundu. Shavu au taya likivimba pamoja na homa, au akashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Hakuna kungoja asubuhi.

"Si meno ya utotoni tu, yatang'oka?" Yatang'oka, lakini baadhi ya magego hukaa mpaka miaka 10 au 12. Na kuna jambo wengi hawalijui: gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kutoka kulipisha. Mzazi hulidhani la utotoni, linaachwa lioze, na hilo halina mbadala. Umri huo ndio wa kuongeza jicho nyuma ya mdomo.

Kumpeleka kwa daktari wa meno

Mpeleke kabla hajaumwa. Mtoto ambaye siku yake ya kwanza kuiona kliniki ni siku ya kung'olewa atakumbuka hilo kwa miaka. Nenda mwenyewe kwanza, iwe Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee ya Mkoani au hospitali iliyo karibu nawe, useme una mtoto mwenye usonji, uombe mtu wa kwanza asubuhi, kabla benchi halijajaa na watoto wengine hawajaanza kulia. Piga picha ya mlango na kiti, kwa ruhusa, umwonyeshe nyumbani. Mpe miwani ya jua kwa ajili ya ile taa. Mwambie daktari kinachomuudhi na kinachomtuliza, na kwamba anaelewa kuhesabu mpaka kumi. Ziara ya kwanza ikiishia kwenye kukaa kitini na kushuka, nauli ya daladala haikupotea.

Zipo tiba zisizo na mashine inayolia, na mzazi ana haki ya kuziuliza. Moja ni kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya meno yenye floridi. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na leo inatumika duniani kote. Nyingine ni maji ya fedha na floridi yanayopakwa juu ya tundu kwa brashi ndogo. Hayana sindano wala ganzi, na mara nyingi husimamisha kuoza. Sehemu iliyooza inabaki nyeusi, na wapo wazazi wasioipenda sura hiyo; kwa maoni yangu, gego jeusi lisilouma ni nafuu kubwa kwa mtoto ambaye hawezi kukwambia kuwa linamuuma. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021.

Meno yakiwa yameharibika mengi na mtoto hawezi kabisa kukaa, daktari anaweza kupendekeza nusu kaputi, yaani alazwe usingizi hospitalini chini ya mtaalamu wa usingizi. Si adhabu wala si aibu, na mara nyingine ni huruma kuliko kumbana kwa mikono ya watu wanne. Inahitaji maandalizi: mtoto asile kwa saa atakazoelekezwa mzazi, na dawa zote anazotumia zitajwe, za hospitali na za mitishamba. Kabla ya kukubali, uliza kama meno yote mabovu yatamalizwa siku hiyohiyo, ili asirudi kulazwa tena baada ya miezi michache kwa jino lililoachwa.